Maumivu ya Hedhi: Yapi Hutulizwa Nyumbani, na Yapi Yakupeleke Kituo cha Afya

Mada ya toleo hili ni jambo linalosemwa kwa sauti ya chini kisimani na nyuma ya mahema: maumivu ya tumbo wakati wa hedhi. Wapo wanaoyaita chango, wapo wanaosema tu "niko mwezini, tumbo linanikata". Akina baba nao wasigeuze ukurasa. Mara nyingi wao ndio wanaoshika pesa ya dawa, na ndio wanaoamua kama mgonjwa apelekwe hospitali usiku huu au asubiri kesho.

Binti akilalamika, jibu analopewa na mama, shangazi au somo wake ni lile lile: "Ni ya kawaida, vumilia." Jibu hilo lina makosa mawili. Kwanza, hata maumivu ya kawaida yana dawa, na hakuna sababu ya binti kulala mkekani siku mbili kila mwezi na kukosa shule. Pili, si kila maumivu yanayokuja na damu ni ya kawaida. Mengine ni dalili ya ugonjwa unaotibika, na machache yanaweza kuua mtu kabla jua halijazama. Kuyatofautisha si kazi ngumu, na anayejua humwelekeza mwenzake.

MAUMIVU YANATOKA WAPI?

Chango si mnyoo unaotembea tumboni, wala si uchawi. Kizazi cha mwanamke ni msuli, ukubwa wake karibu na ngumi. Kila mwezi kizazi hujitandika utando laini ndani yake kusubiri mimba. Mimba isipoingia, utando huo hubomoka na kutoka pamoja na damu. Ili kuusukuma nje, mwili hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, na kemikali hiyo hukaza msuli wa kizazi. Msuli ukikazika sana, damu inayoulisha hupungua kwa muda, na hapo ndipo panapouma. Mwanamke ambaye mwili wake hutengeneza kemikali hiyo kwa wingi huumia zaidi kuliko dada yake, ingawa wamezaliwa tumbo moja. Kemikali hiyo hiyo ndiyo huleta kichefuchefu, kuharisha, kuumwa kichwa, mgongo na mapaja. Kwa hiyo binti anayetapika siku ya kwanza si lazima awe na malaria, wala si mvivu.

Maumivu ya kawaida yana tabia yake. Huanza miezi kadhaa au mwaka mmoja hivi baada ya kuvunja ungo. Huja damu inapoanza au saa chache kabla, hukaa siku moja hadi tatu, kisha huondoka. Yako chini ya kitovu, na ya mwezi huu hufanana na ya mwezi uliopita. Kwa wengi hupungua kadiri umri unavyosogea, na wengine hupata nafuu baada ya kuzaa.

Hapo kwenye kuzaa tusimame kidogo, kwa sababu tunasikia wazazi wakisema: "Tumwozeshe, atapona." Hii si tiba. Mwili wa msichana mdogo unapata hatari kubwa zaidi katika uzazi kuliko hatari yoyote ya maumivu ya hedhi, na hakuna uhakika kwamba maumivu yataisha. Zaidi ya hayo, sheria ya Msumbiji namba 19 ya mwaka 2019 inakataza ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18. Kidonge cha bei ndogo kinafanya kazi ambayo harusi haiwezi kuifanya.

DAWA, NA NAMNA YA KUITUMIA

Dawa inayofaa zaidi kwa maumivu haya ni ibuprofeni (pakitini utaona imeandikwa Ibuprofeno), kwa sababu inapunguza ile kemikali yenyewe inayokaza kizazi. Kosa tunaloliona sana ni kuisubirisha dawa mpaka mtu ameshajikunja na kutapika. Wakati huo kemikali imeshajaa mwilini. Meza kidonge cha kwanza mara tu unapohisi dalili au unapoona tone la kwanza. Mtu mzima anameza kidonge kimoja cha miligramu 400 kila baada ya saa 8, yaani asubuhi, mchana na usiku, kwa siku moja hadi tatu. Usizidishe vidonge vitatu kwa siku. Binti wa miaka 12 na kuendelea aanze na miligramu 200. Wa chini ya hapo aonwe kwanza na muuguzi. Daima kula kitu kabla ya kumeza, hata kama ni uji au shima ya jana, maana dawa hii huchubua tumbo tupu.

Wasioruhusiwa kuitumia ibuprofeni ni wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo, wenye pumu inayochochewa na dawa za maumivu, na mwanamke mwenye mimba au anayehisi huenda anayo. Mtu anayeharisha na kutapika mpaka amekauka maji naye asiitumie, kwa sababu figo zake ziko hatarini. Wakati wa kipindupindu hili ni muhimu sana. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI amweleze muuguzi kwanza, kwani baadhi ya dawa hizo nazo hugusa figo. Hao wote wanaweza kutumia parasetamoli. Mtu mzima anameza vidonge viwili vya miligramu 500 na kusubiri saa 6 kabla ya kurudia, asizidi vidonge vinane kwa siku moja. Binti wa miaka 12 hadi 15 anameza kimoja badala ya viwili. Parasetamoli haina nguvu sawa kwa maumivu haya, lakini inasaidia.

Vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni ni dawa za kuua vijidudu. Havitulizi hedhi hata kidogo. Ukivimeza kila mwezi unafundisha vijidudu kuvizoea, na siku utakayovihitaji kweli havitafanya kazi. Pesa hiyo nunua sabuni.

Neno moja kwa mwezi wa Ramadhani. Mwenye hedhi hafungi, na siku zake atazilipa baadaye. Kwa hiyo anaweza kumeza dawa na kunywa maji mchana. Tunajua wengi huona haya kula mbele za watu na hukaa na njaa mpaka magharibi, kisha hulalamika kwamba dawa imewachoma tumbo. Akina mama wakubwa wawatengee mabinti mahali pa faragha wale.

Joto ni tiba ya kweli, si ya kubahatisha. Hulegeza msuli wa kizazi, na kwa wanawake wengi husaidia karibu kama kidonge. Wakati sufuria iko motoni kwa ajili ya chakula, chota maji, yaache yapoe kidogo (maji yanayochemka huikunja chupa ya plastiki na kukuunguza), jaza chupa, funga vizuri, izungushie kapulana na uiweke chini ya kitovu. Asiye na chupa akaange mchanga safi au chumvi ya mawe, aufunge kwenye kitambaa kizito na kuupima kwanza kwenye mkono. Chai ya tangawizi nayo huwasaidia baadhi ya watu na haina madhara. Kutembea na kujinyoosha pia hulegeza, ingawa anayeumia sana hawezi kuambiwa atembee kabla dawa haijafanya kazi.

Dawa za kienyeji za kunywa hatuzisemi vibaya zote, kwa sababu hatuzijui zote. Lakini usiingize dawa yoyote, unga, majani au pamba ndani ya uke, na usiache kitambaa ndani. Vitu hivyo huleta maambukizi yanayoweza kupanda mpaka kwenye kizazi. Vitambaa vya nje vifuliwe kwa sabuni na vikauke juani. Anayeona haya atandaze kapulana nyepesi juu yake, jua litapita.

Katika nyumba nyingi za kwetu, mwenye hedhi hatii chumvi kwenye mboga. Humwita mtoto au bibi aitie. Kila nyumba na desturi yake, na hatuingilii. Ila kwa njia hiyo nyumba nzima hujua nani yuko mwezini. Basi wakishajua, wamsaidie ndoo za maji siku hizo.

Ikiwa umetumia ibuprofeni sawasawa kwa miezi mitatu na bado huwezi kwenda shuleni, shambani au sokoni, nenda kituo cha afya. Kuna njia nyingine. Vidonge vya uzazi wa mpango hupunguza damu na maumivu, na muuguzi anaweza kuvitoa kwa sababu hiyo peke yake. Sindano na kijiti pia hupunguza maumivu kwa wengi, ingawa miezi ya mwanzo damu huweza kuja ovyo. Kitanzi cha shaba kinaweza kuyaongeza, hasa miezi ya kwanza. Wanawake wengi huogopa sindano kwa kuwa hedhi hukatika, wakidhani damu inarundikana tumboni. Hairundikani. Utando wa kizazi haukuota vya kutosha, hivyo hakuna cha kutoka.

HEDHI BAADA YA KUKIMBIA

Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, familia nyingi zimekimbia si mara moja, bali mara mbili na tatu. Waliotoka Palma baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021 wengi walitembea siku kadhaa porini kuelekea Nangade na Mueda. Njaa, hofu, msiba na kukosa usingizi hugusa pia ile sehemu ya ubongo inayopanga hedhi. Damu inaweza kukatika miezi miwili au mitatu, kisha ikarudi kwa wingi na kwa maumivu. Mara nyingi hutulia chakula na usingizi vikirudi. Hata hivyo, hedhi ikikatika kwa mtu anayeweza kuwa na mimba, pima mimba kwanza, usijiambie ni hofu tu. Ikipita miezi mitatu bila hedhi na mimba haipo, nenda ukaonwe.

Wapo pia waliotendewa ukatili wa kingono njiani au hapa hapa kambini. Kwao maumivu ya nyonga huweza kubaki muda mrefu. Matibabu ni siri. Ukifika ndani ya saa 72 kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, na ndani ya siku 5 kuna dawa ya kuzuia mimba. Hata kama umepita mwaka, njoo. Kuna matibabu ya maambukizi, na kuna mtu wa kukusikiliza.

MAUMIVU YASIYO YA KAWAIDA

Dalili kubwa ni mabadiliko. Mwanamke wa miaka 30 ambaye hedhi yake haijawahi kumsumbua, na sasa inamlaza chini, asiambiwe avumilie. Vivyo hivyo maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayobaki hata damu ikiisha, yanayokuja wakati wa tendo la ndoa au wakati wa kwenda haja kubwa. Hali moja iletayo maumivu ya namna hii ni endometriosisi: utando unaofanana na ule wa kizazi huota nje ya kizazi. Inakadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa duniani, na wengi hukaa miaka mingi bila kujulikana kwa sababu kila mtu aliwaambia ni kawaida. Inaweza kuchelewesha kupata mtoto. Matibabu ya kupunguza maumivu yanaweza kuanza hata kabla ya vipimo vikubwa.

Maumivu ya chini ya tumbo pamoja na homa, uchafu wenye harufu au damu baada ya tendo la ndoa huashiria maambukizi ya kizazi na mirija. Mara nyingi hutokana na kisonono au klamidia. Hapa dawa za kuua vijidudu zinahitajika kweli, lakini zile anazotoa muuguzi, kwa siku zote alizosema, na mume naye atibiwe. Asipotibiwa, mke atarudi na ugonjwa ule ule mwezi ujao.

Kisha kuna kichocho, ambacho wengi hawakihusishi kabisa na mambo ya wanawake. Kaskazini mwa Msumbiji kina maambukizi mengi. Mdudu wake huishi kwenye maji baridi, yaani mito, madimbwi na mabwawa, si baharini. Mtu aliyekulia Ibo au Matemo akizoea bahari, na sasa anafua na kuoga mtoni bara, ameingia kwenye hatari asiyoijua. Mayai ya mdudu huyo hukaa kwenye kibofu na pia kwenye shingo ya kizazi na uke. Huleta maumivu ya nyonga, muwasho, uchafu, na damu kwenye mkojo au baada ya tendo la ndoa. Mwanamke hushukiwa umalaya, hupewa dawa za zinaa, na haponi. Wapo wanaodhani kukojoa damu kwa kijana ni dalili ya kukomaa tu. Sivyo. Dawa ni prazikwanteli, na wasichana wasiosoma huikosa kwa sababu mara nyingi hugawiwa shuleni. Waambie wahudumu, maana mtoto asiye shuleni naye anastahili kumeza.

Hali nyingine ni ya nadra, ila inaumiza sana ikikosewa. Binti ana matiti, ana umri wa miaka 13 hadi 16, kila mwezi tumbo linamuuma siku chache, lakini damu haijawahi kuonekana. Huenda njia yake imezibwa na utando tangu kuzaliwa, na damu imenasa ndani. Tumbo la chini huvimba, mkojo hukwama, na watu husema ana mimba na kumpiga bure. Upasuaji mdogo unamaliza shida hiyo.

Damu nyingi nayo isipuuzwe. Kama hedhi inapita siku 7, kama unabadilisha kitambaa kilicholowa kila saa moja au mbili, kama yanatoka mabonge makubwa kuliko sarafu, kama unachoka, moyo unakwenda mbio na viganja vimekuwa vyeupe, huenda umepungukiwa damu. Hapa kwetu malaria na minyoo ya tumbo huongeza tatizo. Sababu inaweza kuwa uvimbe wa kizazi, ambao si saratani na wanawake wengi wanao. Utapewa vidonge vya madini ya chuma. Kula matapa, majani ya mlonge na dagaa unapopata, na chai uinywe mbali na mlo, kwani hupunguza chuma kinachoingia mwilini.

USISUBIRI ASUBUHI

Hedhi imechelewa, kisha maumivu makali yanakuja ghafla, hasa upande mmoja, na damu kidogo au hata bila damu. Mgonjwa anaona kizunguzungu, anazimia, au anasikia maumivu begani. Hii inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo pasipo kuonekana, na mtu hufa huku majirani wakimkanda kwa maji ya moto. Huyu anahitaji upasuaji, kama ule unaopatikana hospitali ya Mueda au ya mkoa kule Pemba. Kwa hiyo kila saa ya kutafuta usafiri ina uzito. Mwamshe kiongozi wa kambi usiku huo huo.

Mwingine wa kukimbizwa ni anayelowesha vitambaa viwili kwa saa moja, saa mbili mfululizo. Mwenye mimba anayetoka damu. Na mwenye homa kali na uchafu unaonuka baada ya mimba kutoka. Kama mimba ilitolewa kwa dawa au kwa kijiti, mwambieni muuguzi ukweli. Anauliza ili ajue cha kutibu.

UKIFIKA KITUONI USEME NINI?

Wauguzi wengi wanatoka mikoa mingine na wanazungumza Kireno, si Kimwani, Kimakonde wala Kiswahili. Mgonjwa akisema "dor de barriga", yaani tumbo linauma, huenda akarudi nyumbani na dawa ya minyoo. Muulizie enfermeira wa SMI, muuguzi wa mama na mtoto. Mabinti waulizie SAAJ, huduma ya vijana, pale ilipo. Mkalimani awe mtu mzima unayemwamini, ikiwezekana activista wa kike, asiwe mwanao mdogo.

Mwombe aliyesoma akuandikie maneno haya kwenye karatasi. "Tenho dores fortes durante a menstruação": nina maumivu makali wakati wa hedhi. "Estou a perder muito sangue": natoka damu nyingi. "Posso estar grávida": huenda nina mimba. "Urino com sangue": nakojoa damu. Nyuma ya karatasi andika siku hedhi yako ya mwisho ilipoanza, ilikaa siku ngapi, na vitambaa vingapi ulibadilisha kwa siku. Asiyejua kuandika afunge fundo kwenye uzi kwa kila siku ya damu. Muuguzi atauliza hayo kabla ya jambo lolote. Na ukitaka kuonwa na mwanamke, sema: "Prefiro ser atendida por uma mulher."